Nilikula Katika Mfungo wa Bertin

Jumatano, 2 Julai 2025
Nimekula. Hakuna anayejua. Nyumba nzima tunafunga mpaka mechi ya Jumamosi ili kaka yangu Bertin apate mkataba, na mimi nimesimama nje ya duka la mikate, mtaa wa Porte de Namur, nikala kruasani. Si njaa. Makusudi! Maman anasema mmoja akivunja mfungo, maombi ya wote yanaanguka. Basi yaanguke.
Nimechoka hata kuandika.

Alhamisi, 3 Julai
Nieleze vizuri, angalau hapa. Bertin anacheza futiboli ya Kimarekani, linebacker. Anasimama nyuma ya wale wanene wa mbele, anasoma mchezo unakoelekea, kisha anamwangusha mwenye mpira. Mwaka jana alikimbilia kila kitu, kama mbwa na njiwa. Mwaka huu amejifunza kungoja. Anatazama miguu ya wapinzani, si macho — macho yanadanganya, anasema. Kocha Arnaud alimwambia Maman hajawahi kupata kijana anayesoma mchezo namna hii. Jumamosi ataanza yeye. Akicheza vizuri, anasaini.

Lakini wiki iliyopita mazoezini kofia yake ngumu iligongana na ya mwenzake. Akaanguka, akainuka, akacheka. Kwenye tramu akaniuliza tunashuka wapi. Schaerbeek, mtaani kwetu! Tumezaliwa pale!
"Petite, usiambie muntu. Daktari wa timu akijua, ananiweka pembeni. Donc nafasi imeenda."
Nikaapa. Mjinga mimi.

Ijumaa, 4 Julai
Maombi sebuleni. Maman akamwekea Bertin mikono kichwani — palepale! Tonton Anaclet, mjomba wetu, akapaza sauti: "Seigneur, Bwana wetu, umupe nguvu ya kuangusha!" Bertin alikunja uso kila sauti ilipopanda. Wao waliona ni Roho. Nikasema amina pamoja nao. Moyoni: asicheze. Kisha nikaona haya. Ndoto yake tangu utotoni, na mimi naitafuna na kruasani.

Baadaye Maman akanigeukia. "We Sephora, mbona haukondi? Mufungo yako ni ya Kizungu?" Wote wakacheka. Nilitaka kusema hapo hapo. Mdomo ukakataa. Shuleni pia ulikuwa hivyo. Nilidhani nikimaliza shule utafunguka.

Jumamosi, 5 Julai
Asubuhi. Nilijificha jikoni na kipande cha mkate. Bertin akaingia, hakuwasha taa — siku hizi taa inamuumiza. Akanikuta natafuna. Nikangoja anigombeze.
"Tangu lini?"
"Jumatano."
"Sababu ya kichwa yangu?"
Nikaitika kwa kichwa. Akavuta kiti, akakaa. Halafu akanyoosha mkono.
"Bon. Nikatie na mimi."

Tumekula wote wawili. Mfungo ni wake, ameuvunja mwenyewe! Sijui ana maana gani. Begi lake liko mlangoni, kofia juu yake. Maman anaita kutoka ngazini: "Bertin! Tonton eko chini na motokari!" Hainuki. Simu yangu iko mezani, namba ya Kocha Arnaud imo. Naandika ili nisiinue macho. Yeye hatazami macho yangu hata hivyo. Anatazama miguu yangu chini ya meza, anangoja aone naelekea wapi.

Daftari, siri ya mkate nitunzie. Tafadhali. Hii nyingine, ya kichwa chake —