Kengele ya Kitanda cha Dirishani

Jumatatu, 3 Juni

Chai saa 1:05. Dakika tano nyuma. Uji wa ulezi, mwepesi. Vidonge vitatu. Mhudumu Fausta kaniosha uso kwa maji ya vuguvugu, hilo nampa. Nimepiga kengele saa 2:10, wamefika 2:14. Nimeandika yote.

Wiki ya pili hapa kituoni. Kiharusi kilinipiga mwezi wa nne, mkono na mguu wa kushoto vikagoma. Hospitali waliponitoa, binti yangu Tabitha akanileta huku Zuzu, nje ya Dodoma, nipate uangalizi na mazoezi. Mwanangu yuko wizarani, hana asubuhi wala jioni. Kaniambia, baba, huduma iangalie mwenyewe, mwisho wa mwezi tuamue kama unabaki au nikutafutie pengine. Kamwambia nani! Miaka thelathini na moja stesheni masta, kumi na minne ya mwisho Gulwe. Kitabu changu cha treni wakaguzi walikuwa wakikisifu mbele ya wenzangu. Hakikuwa na ufutio hata mmoja. Ukikosea unakata mstari mmoja, kosa lisomeke, unaandika sahihi juu yake, unatia saini.

Hapa nitafanya hivyo hivyo. Kitanda changu kiko dirishani, dirisha mkono wa kulia. Nasikia treni za mizigo. Chumba nagawana na Mzee Ndahani, mfugaji wa Hombolo. Hasemi, hasogei. Kimya utadhani hayupo.

Jumanne, 4 Juni

Siku ya nyama. Nyama sikuiona. Ugali nusu, mlenda kidogo. Na harufu ya mchuzi imenijaa puani!

Nikamwita Fausta, mhudumu wa zamu ya mchana. Yeye Mhehe wa Iringa, mimi Mgogo, watani wa tangu mababu. Nikamwambia, Mhehe wewe, nyama yangu umempa nani, au leo mmepika ile inayobweka? Akacheka mpaka akashika kitanda. Akasema, "Mtani, maliza kwanza sahani yako." Nimemaliza. Sahani nyeupe kabisa. Ananifanya mtoto.

Nimeandika: nyama hakuna, chakula nusu.

Alhamisi, 6 Juni

Kengele saa 4:20. Kimya. 4:25 kimya. Sauti ya Fausta inasema nakuja baba, niko hapa hapa. Hapa wapi? Nimetazama chumba kizima. Hayumo.

Kafika 4:31. Dakika kumi na moja kupelekwa chooni, mtu mzima na wajukuu. Nilijikojolea. Naandika kwa sababu ni kweli. Nina hasira. Sikumuuliza alikuwa wapi. Anidanganye tena ya nini.

Mazoezi: hatua tisa kwa fimbo ya miguu minne. Jana saba. Msafiri, mtaalamu wa mazoezi, ni bwana mtaratibu ila ana neno moja tu. Kushoto, baba, geuza kichwa kushoto. Kila hatua. Kwani huko kushoto kuna nini?

Ijumaa, 7 Juni

Kengele 6:15, kafika 6:27. Fausta tena.

Jumapili, 9 Juni

Tabitha kaja baada ya ibada. Nilijinyoa mwenyewe kwa ajili yake, mara ya kwanza tangu niugue. Kaniangalia usoni, machozi yakamlenga. Nikadhani ni furaha. Kumbe sivyo, akasema, wamekuachaje hivi, baba. Sikumwelewa.

Nikampa daftari. Kasoma ukurasa kwa ukurasa. Akauliza, mbona unaandika pembeni? Nikamwambia naandika kama nilivyoandika siku zote. Kengele sita zimepita dakika kumi, zote zamu ya Fausta. Nyama hakuna, mara mbili. Akanishika kifundo cha mkono, akasema nimekonda. Akaondoka na daftari hadi kwa matroni. Sauti yake niliisikia kupitia ukuta, kila neno limenyooka, halina matusi. Nilijivuna. Huyo ni damu yangu.

Wahudumu wanasema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Waseme.

Jumatatu, 10 Juni

Matroni kaja mwenyewe. Shikamoo, mzee. Marahaba. Kasema kamati ya kituo itakaa Ijumaa, Fausta ataitwa. Yakithibitika, anaachishwa kazi. Nakala ya daftari walitoa jana, jioni ile ile wakanirudishia.

Vizuri. Kazi ni kazi. Mgeuza njia za treni mwenye usingizi hukaa mbali na reli, nilimwondoa mmoja Gulwe na silijutii hilo.

Fausta kaingia saa yake ile ile. Hakuninunia. Kanivalisha soksi, kaanza na mguu mbovu kama inavyotakiwa. Akasema, "Mtani, kumbe unaandika kuliko unavyokula." Basi. Nikamnyooshea mguu wa pili.

Jumatano, 12 Juni

Sitaki kuandika leo. Naandika.

Msafiri kaleta karatasi yenye vistari vingi vimetawanyika, na kalamu. Kata kila kistari, baba. Kazi ya chekechea. Nimekata vyote, nikamrudishia, nikamwambia ahesabu. Akaigeuza karatasi juu chini, akaniwekea tena. Nusu nzima haijaguswa. Nikasema umebadilisha karatasi. Hakubishana. Sahani yangu ya mchana ilikuwa bado mezani, nimeimaliza, nyeupe. Akaizungusha nayo.

Vipande vinne vya nyama. Vimepoa, mafuta yameganda. Na nusu ya ugali.

Nimevihesabu mara mbili.

Msafiri kavuta kiti. Kasema macho yangu mazima, ila ubongo umeacha kuulizia habari za kushoto. Kiharusi kimefanya hivyo. Mwenye tatizo hili hajui kwamba analo, ndiyo maana haambiliki. Amenieleza zaidi ya mara moja, kasema. Nikafungua daftari nimkamate kwa uongo. Yumo. Nimemwandika kwa mkono wangu, kushoto baba, kushoto. Na maandishi yangu yote yamejibana nusu ya kulia. Kurasa ishirini na mbili. Kila ukurasa, nusu tupu.

Nikashika shavu la kushoto. Ndevu tele. Ndivyo nilivyomtokea mwanangu Jumapili.

Nikauliza, na kengele je? Fausta alikuwa wapi? Msafiri akanishika kidevu taratibu, akanigeuza uso mpaka nikakiona kitanda cha Mzee Ndahani. Hapa hapa, hatua tatu.

Naona aibu. Aibu tupu, sina jina lingine la kuipa.

Alhamisi, 13 Juni

Nimeomba kitambaa chekundu. Msafiri kakifunga kwenye chuma cha kitanda, upande wa kushoto. Amri: usiache kutafuta mpaka ukione. Bendera nyekundu naijua. Hiyo sibishani nayo.

Shingo inauma. Ila nikikipata kile kitambaa, nyuma yake yupo mzee mwembamba, masikio yametogwa kama ya mababu zetu, amelala ubavu, macho wazi. Karibu wiki tatu chumba kimoja. Nikamsalimia kwa kwetu, mbukwa. Akafumba macho, akafumbua.

Leo nimemwandika Fausta upya. Saa 2:00 kamgeuza Mzee Ndahani. 4:00 kamgeuza. 6:00. 8:00. 10:00. Si kugeuza tu. Anamfuta, anampaka mafuta, anamwekea mto mdogo katikati ya magoti, anamlisha uji kijiko kwa kijiko na kusubiri ameze. Wakati wote anampigia hadithi za kwao Iringa, baridi ya huko, shangazi yake mlevi. Saa 6 mzee kajichafua. Kambadilisha bila kukunja uso, na pazia kalivuta kwanza. Inachukua nusu saa, mara nyingine zaidi. Katikati ya nusu saa hiyo ndipo mimi napiga kengele.

Mgongo wake nimeuona alipogeuzwa. Miezi minane kitandani, kidonda hata kimoja hakuna. Gulwe, miaka kumi na minne, sikuwahi kupokea treni tano mfululizo kwa muda wake. Mhehe huyu kazileta zote. Namwonea fahari. Asije akasoma hapa, nitakoma.

Mimi nina kengele, kidole kinabonyeza. Ndahani hana. Nilihesabu dakika zangu tu.

Jioni nimekata. Mstari mmoja kila kosa, lisomeke, sahihi juu, saini. Nyama hakuna, nimekata: nyama ilikuwepo. Chakula nusu, nimekata: kizima. Hayumo chumbani, nimekata: alikuwemo. Mkono umechoka. Kesho nalipeleka mwenyewe.

Ijumaa, 14 Juni

Hatua thelathini na nane toka kitandani hadi ofisini. Nilikuwa sijavuka kumi na tano. Kiti cha magurudumu nimekikataa. Msafiri kanifuata nyuma, nimemkataza kusema neno.

Mlango wa ofisi uko kushoto. Nikaupita. Nikaenda mpaka ukuta wa mwisho, fimbo ikagonga, nikajua. Nikageuka taratibu. Walioko ndani wameniona nikipita, sasa wananiona nikirudi. Na wanione.

Watu watatu wa kamati, na matroni. Tabitha kaomba ruhusa kazini, kakaa karibu na dirisha. Fausta kwenye kiti cha pembeni, mikono mapajani, kavaa viatu vizuri kama mtu anayekwenda kuagwa. Nimesimama. Nikawaambia, "Makosa yaliyomo humu ni ya stesheni masta. Treni zilikuja kwa muda wake." Nikasoma. Kosa, na sahihi yake. Kosa, na sahihi yake. Pumzi ikakata mara mbili. Tabitha aliinamia meza.

Halafu nikasoma nisivyovikata. Chai inachelewa kila siku, hilo ni kweli. Chooni hakuna chuma cha kushikia. Na dakika kumi na moja ni dakika kumi na moja, nilijikojolea, hilo halifutiki. Ila mhudumu mmoja kwa vitanda sita, akiwa ameshika mgonjwa mikononi na kengele inalia, ajigawe vipi? Ongezeni mtu. Mwenye kosa si huyu.

Wakatuambia tusubiri nje. Nikakataa kukaa. Nimeegemea fimbo, nimesimama.

Fausta anabaki. Mhudumu wa pili wa mchana anatafutwa, kabla mwezi haujaisha wamesema. Nimeandika nani kasema.

Koridoni Fausta kanikuta. Macho mekundu. Akasema, "Mtani, nyani haoni kundule." Nikamwambia sasa naliona, lilikuwa kushoto. Tukacheka mpaka matroni akachungulia. Kisha nikamwomba radhi, bila utani, kwa jina lake. Akaitikia kwa kichwa.

Thelathini na nane kurudi. Jumla sabini na sita, bila kuhesabu zile za ukutani. Mimi ni mwanaume bado.

Jumapili, 16 Juni

Tabitha kaninyoa mwenyewe. Kaanza shavu la kushoto. Kanisamehe kabla sijamwomba, na yeye kamwendea Fausta jikoni, wamekaa huko muda. Sikuuliza walisema nini.

Akaniuliza, baba, unabaki? Nimempa tathmini yangu kama nilivyoagizwa. Chai mbaya. Choo kirekebishwe. Mazoezi mazuri, Msafiri ana subira kuliko mimi. Na mtu asiyeweza kuita anahudumiwa sawa na mimi ninayeita kila saa. Nabaki.

Kaacha maandazi na soksi za sufu. Juni hii ina baridi.

Jumanne, 18 Juni

Chai saa 1:05. Nimewaambia.

Upepo tangu alfajiri, vumbi mpaka kwenye shuka. Hatua arobaini na mbili.

Siku ya nyama. Sahani nimeizungusha mwenyewe. Vipande vinne, nimekula vinne.

Saa 8:40 nilisikia kikohozi kibaya. Nikatafuta kitambaa chekundu. Nikakipata, na nyuma yake Mzee Ndahani, mate yamempalia, macho yamemtoka. Nikabonyeza kengele, sikuachia. Fausta kaja mbio, 8:42, moja kwa moja kitandani kwangu. Nikamwonyesha kushoto.

Kamkalisha, kamsafisha kinywa, kampigapiga mgongo. Anapumua vizuri sasa. Kalala akinielekea.

Nimeandika: kengele 8:40, ya Mzee Ndahani. Nimeanzia ukingoni kabisa mwa ukurasa, kushoto.