Maneno ya Kwenye Mabano

Babati, Jumapili, 1985

Bado nacheka, na mikono yangu inanukia sabuni.

Leo kanisani Baba Elia, mzee wetu wa kanisa, amesoma matangazo yote kama yalivyoandikwa: "Sabuni imefika duka la ushirika, litafunguliwa baada ya ibada. Mabano. Mzee, usiseme kwamba ni kidogo, watu watakanyagana. Funga mabano."

Mama yangu, ambaye hajawahi kutoka kanisani kabla ya baraka, alikuwa wa kwanza mlangoni!

Hapo nikaikumbuka ile programu yangu ya kazini Dar. Ndani ya mabano niliandika amri: kagua kila namba kabla ya kujumlisha. Kompyuta ya zamani ilitii. Hii mpya ikayaruka mabano, ikameza namba mbovu kimya kimya, na bosi akaniita mzembe. Likizo yote nimejiuliza kama nitakuta bado nina kazi.

Kitabu cha kanuni za lugha ya kompyuta niliyoiandikia programu ile kinasema ya kwenye mabano ni maelezo ya watu, mashine iyapite. Yakiwa ni amri je? Hakisemi wazi. Kila mtengenezaji wa kompyuta kaamua anavyoona. Kumbe sikuwa mzembe. Bosi nitamweleza, ingawa namwogopa, na sijui kama ata...

Basi. Asante Mungu kwa Baba Elia. Angeitii ile amri, au angeiruka, Mama angesubiri baraka, na kesho tungefua kwa majani ya mpapai.