Msiba wa Mwalimu

Usa River, 12 Machi 1995

Anande mwanangu,

Hujambo? Mumeo na mtoto hawajambo? Mimi nipo, goti tu linasumbua kukiwa na baridi. Mvua bado.

Unajua mimi sio mtu wa kuandika. Ila kuna habari. Hapa hotelini nimo kwenye darasa la Kiingereza. Usicheke. Meneja anataka hata sisi wa bustani tuongee na wageni. Mwalimu ni dada wa Kizungu, Miss Joan, anakaa kile kijumba nyuma ya tangi la maji. Umri wako.

Anafundisha kwa video. Anaweka kanda, tunaona watu wa kwao wanavyoishi, halafu anazima, tunaongea. Anasema mtu akiingia kwa watu asiojua mila zao anashtuka, anaweza hata kuugua. Ndiyo maana tujue mapema. Juzi tumeona mtu anapiga hodi kwa jirani bila kuahidiana. Mwenye nyumba kasimama mlangoni, hamkaribishi. Kandida wa jikoni akasema huyo ana nyama motoni. Tulicheka sana. Mwalimu akasema hapana, kule mtu anapenda aachwe, hasa akiwa na shida. Ukiingia unamsumbua.

Wamenichagua kiongozi wa darasa. Mimi wa darasa la nne.

Baba yako

Tanga, 2 Aprili 1995

Shikamoo baba,

Huku wazima, joto tu linatumaliza. Mjukuu wako ameota meno, anauma kila mtu. Pole na goti. Usilale bila blanketi.

Kiongozi wa darasa! Wewe uliyemfukuza mwalimu wangu na panga alipokuja kuuliza kwa nini siendi shule? Nimemsomea mume wangu, kacheka mpaka kamwaga uji.

Huyo Miss umeshamkaribisha nyumbani? Mpelekee hata ndizi. Anakaa peke yake huko nyuma ya tangi. Mimi najua. Nilipokuja Tanga, siku za kwanza nilikuwa naongea na jiko.

Mwanao Anande

Usa River, 30 Aprili 1995

Anande,

Salamu kwenu wote. Mimi mzima. Mvua imekuja kwa fujo, imelaza mahindi.

Miss amefiwa na mama yake. Simu ilikuja ofisini kwa meneja. Nafasi kwenye ndege ilikosekana, wamezika bila yeye. Yuko kwenye kijumba, hatoki. Darasa limesimama.

Saruni mlinzi alitaka twende wote. Kandida alishaanza kukusanya unga na sukari. Mimi nikawazuia. Nikawaambia mmesahau tulichofundishwa? Kwao mtu akiwa na shida anaachwa. Kandida akaniuliza, "Na alivyokuja Nduruma, kwenye msiba wa mama yake Saruni, akakaa chini na sisi akamenya ndizi?" Nikamwambia pale alifuata mila yetu, sasa ni zamu yetu kufuata yake. Hawakupenda, ila mimi ndiye kiongozi.

Asubuhi napita pale na toroli. Pazia limefungwa. Nikikaribia nasukuma polepole, lisipige kelele.

Mama yako alipokufa nyumba ilijaa watu mpaka nikakosa pa kukaa. Nilichukia. Siku hizi naikumbuka vingine. Wewe unaonaje, tumefanya sawa?

Baba yako

Tanga, 9 Mei 1995

Shikamoo baba,

Nisamehe sikuulizi hali leo, basi linaondoka na barua nampa kondakta, posta itachelewa.

Nenda. Usimuulize mtu. Wachukue Kandida na Saruni na wote, mkakae naye. Hata kama hamna la kusema.

Wakati wa mama ulikuwa huli. Ulikula kwa sababu wale wazee walikaa wakakutazama mpaka ukachukua kijiko. Nilikuona.

Nenda, baba.

Anande

Usa River, 28 Mei 1995

Anande mwanangu,

Natumaini wazima. Mimi mwili mzima.

Barua yako kondakta alikaa nayo, nimeipata juzi Alhamisi. Nilienda jioni ileile. Peke yangu. Niliona aibu kuwaita wenzangu niliowazuia mwenyewe.

Sijamaliza hodi, mlango ukafunguka. Nikasema pole na mama. Akasema, "Asante baba, karibu." Masanduku yalikuwa mlangoni, anaondoka kesho yake.

Ndani nikakuta mabenchi ya darasani yamepangwa ukutani, na mkeka chini. Aliyabeba mwenyewe siku ile ya simu. Sufuria kubwa aliazima kwa mama mmoja wa Usa. Alijua tutakuja, kama alivyotuona Nduruma. Alipika chai, ikapoa, akaipasha. Kesho yake akapika tena. Akasema asubuhi alikuwa akilisikia toroli langu. Akisikia linapunguza mwendo anasimama, anajifunga khanga vizuri. Halafu linapita.

Akaniuliza, "Baba, niliwakosea nini?"

Nilitaka kumweleza habari ya video. Nikaona nitakuwa namtupia yeye lawama, kwenye msiba wake. Nikamwambia hukukosea, mimi ndiye niliyewazuia watu. Sijui kama alielewa. Alilia. Mimi nikabaki nimekaa pale kwenye benchi, giza likaingia, akaniambia niende nikapumzike goti.

Wenzangu nimewaambia yote. Saruni kasema basi, yameisha. Kandida haniongeleshi, na ana haki.

Anwani yake aliiacha kwa meneja. Nimenunua karatasi ya barua za ndege. Nimeandika "Mwanangu" juu, nikashindwa kuendelea. Tangu asubuhi iko hapo mezani. Wewe umesoma, niambie nianzeje.

Baba yako