Nilimwita mke wangu "dada mmoja"

Jumatatu, saa kumi jioni. Nakivale, makazi ya wakimbizi.

Mvua imenyesha tangu asubuhi na sasa imebaki manyunyu. Barabara ya kwenda Kabazana, kule wanakopokelewa wakimbizi wapya, ni tope tupu, hakuna anayepita. Ningependa kusema nimekaa ndani kwa sababu ya mvua. Nimekaa ndani kwa sababu ya haya.

Naandika kwa simu, nikiwa kitandani, na mke wangu Riziki yuko upande wa pili wa pazia anashona. Nasikia cherehani ikienda, ikisimama, ikienda tena. Tangu jana hatujazungumza zaidi ya mara tatu.

Wanaosoma blogu hii wengi walikuwa waumini wangu kule Kivu Kusini. Mnanijua kama mchungaji mwenye kanisa la matofali na wanafunzi wa Biblia. Sikuwahi kuwaandikia kwamba hapa Uganda mimi ni fundi wa nguo. Riziki ndiye fundi, kusema kweli. Yeye ndiye aliyenifundisha, mwaka wetu wa kwanza hapa, tulipoona mahindi ya shamba hayatatosha. Siku za soko tunakwenda Kaberebere na mashini yetu, tunakaa kwenye baraza la duka moja. Yeye anakata na kushona, mimi natia zipu, napunguza pindo, naweka viraka.

Sikuwahi kuliandika hilo kwa sababu nilitaka mniwaze nikiwa na suti.

Mwezi uliopita nilihubiri kwenye harusi ya Wakongo wenzetu pale Ruti, Mbarara. Kati ya wageni alikuwamo kasisi wa jeshi, kapteni mmoja mpole. Alipenda mahubiri, akaniomba nije kwenye kanisa la kambi yao nifundishe siku tatu, Ijumaa hadi Jumapili, kuhusu maisha na huduma ya Mtume Paulo. Wangekuja askari na wake zao. Nilifurahi kupita kiasi. Wiki nzima niliandika kurasa, na Riziki alinipigia suti pasi akaniambia nisiongee haraka.

Ijumaa ilikwenda vizuri sana. Niliwasimulia habari za Saulo wa Tarso, kijana msomi mwenye barua za mamlaka mfukoni, anakwenda Dameski kukamata watu. Askari walimwelewa mara moja, mtu mwenye barua na amri. Nilipofika pale alipoanguka njiani na kuamka haoni, akaongozwa kwa kushikwa mkono, waliokaa nyuma walisogea mbele. Nilipowaambia jinsi alivyoteremshwa usiku nje ya ukuta ndani ya kapu ili asiuawe, nilipoteza mstari kwenye kurasa zangu. Mimi pia nilitoka kwangu usiku.

Baadaye tulikunywa chai. Mama Asiimwe, mke wa sajenti mmoja, ndiye aliyekuwa anagawa vikombe. Alinitazama, akatabasamu.

"Pasta, mimi nakujua," akasema. "Wewe ndiyo ulitengeneza trauza ya mzee pale Kaberebere."

Nilimkumbuka vizuri. Alituletea suruali mbili za mume wake, na moja ilikuwa bado iko kwetu. Lakini Kapteni alikuwa amesimama karibu, na maofisa wawili, na wote walikuwa wamenisifu dakika chache tu zilizopita.

"Hapana, mama," nikasema. "Umenifananisha."

"Ah. Nisamehe, Pasta."

Yeye ndiye aliyeniomba msamaha.

Nililala Ruti kwa wenyeji wetu wa ile harusi. Nilijiambia ni jambo dogo, kwamba mhubiri lazima alinde heshima ya neno analolileta. Nilijua ni heshima ya nani niliyokuwa naifikiria.

Jumamosi ilikuwa siku ya safari za Paulo. Kwenye kurasa zangu nilikuwa nimeandika habari ya Korintho kwa herufi kubwa, kwa sababu ndiyo niipendayo kuliko zote. Paulo anafika mjini peke yake, ana hofu, hana kitu. Anakutana na mume na mke, Akila na Prisila, watu waliofukuzwa Roma, wakimbizi kama sisi. Kazi yao ni kushona mahema, na kazi yake ni hiyo hiyo. Anakaa kwao, anashona nao, na siku ya sabato anakwenda kufundisha. Katika barua zake anawasalimu kwa majina, mke na mume, bila kuona haya.

Nilifika kwenye ukurasa huo, nikamwona Mama Asiimwe safu ya tatu na daftari lake magotini.

Nikafunua kurasa mbili kwa pamoja. Nikatoka Athene, nikaingia Efeso.

Pengine yangeishia hapo, lakini koplo mmoja aliinua mkono. Kijana mrefu, anauliza kwa nia njema kabisa.

"Pasta, huyu Paulo, posho yake ilikuwa inatoka wapi? Nani alikuwa anamulisha huko kwa njia?"

Jibu lilikuwa mkononi mwangu, kwa herufi kubwa.

Nikamjibu kwamba makanisa yalimtunza. Nikaongeza kwamba mtumishi wa kweli hajishughulishi na kazi nyingine. Koplo akaandika. Mama Asiimwe naye akaandika.

Kumkana mtu ni dhambi ninayoijua. Siku hiyo nilimbadilisha mtume mwenyewe ili afanane na mimi niliyekuwa najifanya.

Jumapili asubuhi nilikuwa mlangoni mwa kanisa pamoja na Kapteni, tunawasalimu watu wanaoingia, nilipomwona Riziki anakuja kutoka getini. Hakuwa ameniambia. Alikuwa ametoka Nakivale kabla ya mapambazuko ili anisikie siku ya mwisho. Amefunga kitenge chake cha kila siku, viatu vina tope, na mkononi mfuko wenye ile suruali ya sajenti, imekwisha kutengenezwa na kukunjwa. Aliponiona uso wake ulifunguka.

Kapteni akauliza, "Pasta, huyu mama ni nani?"

Ningeweza kusema neno moja. Badala yake nilisema, na nilikuwa namtazama yeye wakati nasema:

"Ni dada mmoja wa kanisa letu. Ni fundi wa kushona."

Riziki alisimama kidogo. Kisha akapiga goti kama wanavyofanya wanawake wa hapa, akaniambia, "Bwana asifiwe, Pasta." Akaingia, akakaa benchi la mwisho.

Nikahubiri juu ya Paulo akiwa amefungwa Roma. Wanasema nilihubiri vizuri. Sikumbuki.

Baada ya ibada nilimwona akimpa Mama Asiimwe suruali. Mama Asiimwe aliigeuza, akaangalia mshono, akamwangalia Riziki, kisha akanitafuta mimi kwa macho. Mimi niliitwa ndani kula na maofisa. Nilipotoka nikauliza yule dada yuko wapi, wakaniambia ameshapanda gari.

Hata wakati huo niliuliza hivyo. Yule dada.

Nilifika nyumbani jioni. Alikuwa ameniwekea maji ya kuoga na chakula kimefunikwa. Nilimwomba msamaha nikiwa bado nimesimama, na suti yangu mwilini. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema taratibu:

"Kuniita fundi haikuniumiza. Fundi ni kazi yangu. Lakini ulisema dada mumoja. Hata jina yangu haukutaja. Tulipofika pale Kabazana, bila kitu, jina yangu waliiandika karibu na yako kwa karatasi moja. Ile siku haukuona haya."

Akaingia kulala. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuzungumza.

Leo asubuhi nimempigia Kapteni. Nimemweleza yote: Mama Asiimwe, koplo, Korintho, mke wangu. Nilitaraji angekasirika, au angenifariji.

"Pasta," akasema, "mimi nimekusamehe. Lakini hukunidanganya mimi peke yangu. Wale watu waliandika kwa madaftari yao. Ijumaa watakuwa na maombi. Kuja uwaambie."

Nimekubali. Kumwambia Kapteni kwa simu ni kitu kimoja. Kusimama mbele ya koplo yule na kumwambia afute alichoandika, na kumwambia Mama Asiimwe kwamba macho yake yaliona sawasawa, ni kitu kingine. Nimefundisha watu kutubu kwa miaka mingi, na sikuwahi kujua ni kazi nzito hivi.

Nilikwenda upande wa pili wa pazia nikamwambia Riziki kuhusu Ijumaa. Nikamwomba twende pamoja, ili nimsimamishe mbele ya watu na kumtaja jina.

Alikata uzi kwa meno kabla ya kujibu.

"Nenda peke yako," akasema. "Usinisimamishe juu ya kujisafisha wewe."

Sikuwa nimeliona hivyo. Ana haki. Hata toba nilikuwa nimeshaipangia mahali pa kung'aa.

Basi Ijumaa nitakwenda peke yangu, na jina lake nitalisema hata kama hakuna wa kunishangilia. Sijui kama nitaweza bila kujitetea. Nikishindwa, nitarudi nimwambie kwamba nimeshindwa.

Kesho ni siku ya soko Kaberebere. Nimemuuliza tunatoka saa ngapi. Amesema, "Mimi natoka saa kumi na mbili."

Hakusema tunatoka.

Saa kumi na moja na nusu nitakuwa nimeshabeba mashini, nimesimama mlangoni.