Kitufe Kimefungwa, Risasi Imo Ndani

Mshauri mpendwa, nakuandikia roho ikiwa mkononi maana sina wa kumwambia, mimi ni mfagiaji wa ghala na shemeji yangu, mume wa dada, ndiye mlinzi wa getini na ndiye aliyenitafutia kazi hii, sasa ana ile bunduki ya kukoki kwa kuvuta mkono wa mbele, na akienda chooni huiegemeza kwenye ubao wa ukuta wa kibanda chake risasi ikiwa chemba, tayari kufyatuliwa, eti jambazi hamsubiri mtu akoki, na mimi ili nifagie lazima niisogeze, nikimwambia naogopa anacheka, "Shemeji, kitufe cha usalama kimefungwa, huoni ile alama nyekundu imejificha? Hiyo sasa ni fimbo tu," basi juzi ufagio ukaikumba ikaanguka puu, mdomo ukitazama ubao, haikulia, na dada yangu huyo, anayebandika lebo za mizigo upande wa pili wa ubao akapaza sauti, "We, umevunja nini?" nikamjibu ni ndoo, tangu hapo usingizi sina, nikimripoti shemeji atafukuzwa kazi, kisha dada ataniona adui, nikinyamaza naogopa kila asubuhi, nifanyeje?

Mfagiaji, roho juu

Mfagiaji, pole sana, ila ndoo gani hiyo?

Nimemuuliza fundi wa bunduki. Kitufe hicho hufunga kifyatulio tu, kile cha kuvutwa kwa kidole. Ndani kuna nyundo na pini inayogonga risasi, na kwa bunduki nyingi za aina hiyo kitufe hakizishiki. Risasi ikiwa chemba, kishindo cha kuanguka kinaweza kuilipua kitufe kikiwa kimefungwa vilevile. Juzi mlipona kwa bahati. Shemeji yako si mtu mbaya, ni mzembe mwenye maringo.

Usiiguse tena, wala usijaribu kuitoa risasi mwenyewe. Hapo pakae na vumbi. Mwambie shemeji leo, mbele ya mkewe, chemba iwe tupu na bunduki isiachwe peke yake hata akibanwa vipi. Akicheka, nenda kwa msimamizi kabla hajamaliza kucheka. Kazi atapata nyingine.

Unaogopa dada atakuona adui. Hebu isome tena barua yako: mdomo ulitazama ubao, na nyuma ya ubao alikaa nani? Alikuuliza umevunja nini. Nenda kamjibu.