Mimi Ndio Nilikuwa kwa Simu na Nduku

Jumanne

...na hapo ndio Nduku akaniambia, "Mama Brayo, naendesha, nikifika Kitengela nitakupigia." Nikamwambia, "Aii, ngoja kwanza, hujasikia penye ni patamu!" Ilikuwa tu mambo ya kwaya kupigania sare. Akacheka sana. Halafu nikasikia honi ya lori.

Alikufa hapo hapo.

Leo kwa matanga wote wanauliza alikuwa anaongea na nani. Mimi, mwenye huwa sinyamazi, nilimenya viazi tu, sikuinua kichwa. Bwana ya Nduku, Baba Mutua, amepeleka simu ya Nduku yenye ilivunjika itengenezwe, aone ni nani alimpigia mwisho.

Lazima nimwambie mwenyewe kabla tuzike. Lakini nitaanzia wapi, nitasema...

Brayo ananiita. "Mathe, kuja! Baba Mutua ako kwa mlango, anasema ni wewe anataka."