Tarumbeta la Kaka Halipumui

Jumatatu, 4 Machi
Siku nzima na sampla, ile mashine ya kunasa sauti uzipige kwa kinanda. Kioo chake kidogo kama kiberiti, unachungulia kama mwizi. Humo mna tarumbeta la kaka — nililinasa noti moja moja, kabla kiharusi hakijamchukua mdomo na mkono wa kulia. Jumamosi tuna harusi. Kaka hawezi kupuliza, basi nitampiga mimi kwa vidole! Nani mwingine hapa mjini anaweza kufungua programu ya ala na kuishona upya bila kitabu? Shule niliikimbia, lakini nimepiga kinanda melini mpaka kwenye barafu.
Nilidhani nitalia nikimsikia. Wapi! Niliona njaa tu.

Jumanne, 5 Machi
Kiongozi wa bendi, tunamwita Saa kwa jinsi anavyohesabu mapigo, kakuna kichwa mazoezini. Kila noti ya kaka inaanza na kapumzi — hhp — ndiyo sauti ije. Saa anasema inachelewesha, wachezaji watakanyagana. "Toa hayo mafua, bwana!"
Nikasogeza mwanzo wa sauti mbele. Pumzi kwisha. Nikaweka mzunguko, noti ilie mpaka uachie kitufe. Safi kama kioo. Saa akanikumbatia. Mimi moyoni sikusikia kitu.

Alhamisi, 7 Machi
Nimempelekea kaka asikilize. Shemeji alikuwa anamkata kucha. Maneno ya kaka siku hizi yanatoka upande mmoja, ila kejeli zimebaki nzima. Nikabonyeza, nikashikilia. Akasikiliza weee. Akauliza, huyo nani? Nikamwambia, wewe. Akasema mbona hapumui, mwiteni daktari! Shemeji akacheka mpaka mkasi ukamtoka. Mimi nikacheka mdomo tu.
Halafu kaka akasema huyo msimtangaze kwa jina langu. Semeni ni kinanda.
Nikajibu sawa, kaka. Kama mtu aliyeambiwa chumvi imekwisha.

Ijumaa, 8 Machi
Pumzi nimeirudisha. Haikufutwa, ilifichwa tu. Mzunguko nimeuacha. Saa kapiga simu: yale mafua yakisikika kesho, nibaki nyumbani na mgonjwa wangu. Nikamuuliza atampata wapi mwingine kama mimi, dunia nzima? Akakata.

Jumamosi, 9 Machi
Ukumbini. Maharusi bado njiani, naandika nimeegemea spika. Kaka kaja! Shemeji kamvalisha sare ya bendi, mkono wa kulia kaupachika mfukoni, kamkalisha pembeni ya kinanda changu. Saa kampigia saluti, kamwita mwamba. Kisha kaninong'oneza: umeitoa? Nikasema ndiyo. Sijaitoa.
Kaka kanyoosha kidole cha kushoto mwenyewe. Kabonyeza. Hhp — na mabega yake yakapanda, kifua kikajaa, pamoja na ile pumzi. Sauti ikatoka, ukumbi mzima!
Saa kageuka. Anakuja, anapita katikati ya meza. Shemeji anamwambia kaka, baba, achia basi.
Hajaachia. Noti inalia. Kifua bado kimejaa, na yeye hapumui —